Nguo ya Idi na Deni Lake



Kumi la mwisho la Ramadhani likiingia, husimama watu misikitini mwetu wakayalaumu masoko. Husema: tazameni, madukani hapana pa kupita na safu za tarawehe zimepungua, watu wanatafuta viatu, na Lailatul Kadri inawapita. Maneno haya si ya uongo, na mimi mwenyewe nimeyasema mara nyingi katika darsa yetu hii ya Mombasa. Lakini Ramadhani iliyopita nilikuwa safarini Migori na Homa Bay, na huko niliulizwa suala na mama mmoja. Tangu siku ile sijaweza kuyasema maneno yale kwa ulimi ule ule, na ndugu wa darsa wamenitaka nieleze sababu.

Kwa msomaji wa pwani asiyezijua nchi hizo, Migori ni mji wa njiani. Barabara kuu itokayo Kisii hupita katikati yake ikenda Isebania, na ng'ambo ya Isebania ni Sirare ya Tanzania, ambako hutoka vitenge na mchele. Fedha ya mji hutoka katika miwa ya Awendo, katika tumbaku, na katika machimbo ya dhahabu ambayo watu huyachimba kwa mikono yao, leo mtu akapata na kesho akakosa. Homa Bay iko ukingoni mwa Ziwa Viktoria, na riziki yake ni samaki: mbuta aendaye viwandani, ngege, na wale dagaa ambao huko huitwa omena. Katika hesabu ya watu ya 2019 kila kaunti ya hizi mbili ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1 na laki 1, na Waislamu katika hao ni wachache mno. Wako Wajaluo, wako Wasomali wenye maduka, wako Waswahili na Wanubi ambao wazee wao walifuata biashara au kazi za serikali. Kendu Bay, katika kaunti hiyo ya Homa Bay, Waislamu wamekaa tangu zama za meli za ziwani.

Basi Idi ya huko si Idi ya huku. Hapa kwetu mji mzima hugeuka. Watu humiminika Makadara, vijana hawalali, watoto huzunguka nyumba hata nyumba wakitaka mkono wa Idi, na hata asiyekuwa Mwislamu hujua kwamba leo kuna jambo. Huko jirani wa kulia na wa kushoto hana habari kuwa mwezi umeandama, ila kwa kusikia redioni kwamba kesho ni siku kuu na skuli zimefungwa. Mtoto wa Kiislamu hutoka nyumbani kwao asubuhi na kanzu yake, akapita katikati ya watu waliovaa nguo za kazi, akenda msikitini, akarudi. Idi yake yote inayoonekana na watu ni ile kanzu.

Siku ya mwezi ishirini na saba, baada ya alasiri, nilipita sokoni Migori. Nguo zilikuwa chini juu ya maturubali na juu katika vigingi. Palikuwa na kanzu zilizoshonwa Uchina, magauni ya watoto wa kike yenye kumetameta, na viatu vidogo vinavyowaka taa kisiginoni kila mtoto akanyagapo. Muuzaji mmoja, tulipokwisha kuzoeana kidogo, aliniambia kwa uwazi kwamba yeye ni Mkristo na kwamba mwaka wake una misimu miwili, Idi na Krismasi. Bidhaa, alisema, ni zile zile. Idi ikikaribia hutundika kanzu mbele na magauni nyuma yake. Desemba, wenyeji wa Nairobi wanaporudi makwao, huzirudisha kanzu nyuma. Nilicheka naye, lakini neno lake lilinikaa moyoni. Soko halina kibla. Mwenye duka haulizi furaha ya mnunuzi yatokana na nini, huuliza siku gani. Na akishajua siku, ataipanga furaha hiyo juu ya turubali lake na kuitia bei, na sisi tutaanza kudhani ya kuwa asiyeinunua hakuipata.

Hii ndiyo khofu ya wanaolaumu masoko, nami nakiri ni khofu yenye msingi. Sura ya at-Takathur yote yaonya juu ya kushindana kwa wingi. Nimeona hapa Mombasa mabinti wawili wa nyumba moja wakinuniana siku ya Idi kwa sababu ya buibui, la mmoja lilikuwa na nakshi zaidi. Nimeona mwanamume mwenye kanzu saba akinunua ya nane. Haya hayahitaji fatwa.

Walakini kabla ya kuhukumu turejee kwenye asili. Imamu Bukhari alipokiandika kitabu chake, mlango wa Idi mbili hakuufungua kwa sala wala kwa khutba, bali kwa hadithi ya sokoni. Sayyidna Umar (R.A.) aliona joho la hariri likiuzwa, akalichukua akamwendea nalo Mtume (S.A.W.), akamshauri alinunue ajipambe nalo kwa Idi na kwa kuwapokea wajumbe. Mtume alilikataa. Ulamaa walioifasiri hadithi hii walieleza kwamba kilichokataliwa ni hariri, kwa kuwa haiwafalii wanaume wa umma huu. Ama kujipamba kwa Idi hakukukatazwa, na ushauri wa Umar waonyesha kuwa hiyo ilikuwa ada iliyokwisha kujulikana. Na hadithi haikuishia hapo. Baada ya muda Mtume mwenyewe alimpelekea Umar nguo ya hariri. Umar akaja akistaajabu, akaambiwa kwamba hakupelekewa aivae, bali aiuze atimize haja yake. Nguo ya aina ile ile iliyokataliwa kuwa pambo ilikubaliwa kuwa mtaji. Nimelifikiri jambo hili sana tangu nirudi.

Imepokewa vile vile kwamba Mtume alikuwa na juba alilokuwa akilivaa katika Idi mbili na siku ya Ijumaa, na kwamba Ibn Umar akivaa siku ya Idi nguo nzuri kabisa katika alizo nazo. Katika hizo alizo nazo, si katika asizo nazo. Na katika sura ya al-A'raf, aya ya 31, amri ya kujipamba kwa ajili ya ibada na katazo la israfu zimekuja katika aya moja, kana kwamba Mola alijua kuwa wako watakaoishika nusu ya kwanza na wako watakaoishika nusu ya pili. Sisi watu wa darsa tumekuwa watu wa nusu ya pili.

Hapo yafaa niseme neno juu ya hiyo nguo mpya, kwa maana nyingi ya nguo za Idi nilizoziona Migori hazikuwa mpya. Zilikuwa mitumba: nguo zilizovaliwa Ulaya na Marekani zikatupwa, zikafungwa marobota, zikashushwa bandarini kwetu Kilindini na kupandishwa bara. Mama huchambua rundo akatoa shati jeupe lisilo doa, akalifua, akalipiga pasi, na mtoto akaliita jipya. Wako ndugu wanaosema kwamba Waislamu wavae vilivyofumwa kwetu, na hilo ni neno zuri. Lakini kandokando ya ziwa lile pamba ililimwa, na Kisumu kilikuwapo kiwanda cha kufuma, KICOMI, ambacho kilikufa katika miaka ya 1990, wakati milango ilipofunguliwa na mitumba ikaingia kwa wingi. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana 2016 kuiondoa mitumba kidogo kidogo hata ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuziondolea nafuu ya ushuru, na Kenya ikarudi nyuma 2017. Rwanda iliyoshikilia ilikatwa nafuu ya nguo 2018. Machi 2020, kwa sababu ya maradhi ya korona, Kenya iliikataza mitumba, na ilipofika Agosti ikairuhusu tena, kwani watu wengi mno walikuwa wakiishi kwayo. Mama wa Migori aliyeinamia rundo lile hakulitengeneza yeye. Kumwambia kwamba apenda mno vitu vya wageni ni kumtwika mzigo uliofungwa na wakubwa zaidi yake.

Nilitoka Migori nikenda Homa Bay, na huko nikaombwa nisome darsa fupi baada ya alasiri. Nilisoma juu ya riba, kwa kuwa nilikuwa nimesikia kwamba watu wengi wa huko hununua vitu vya Idi kwa mikopo ya simu. Nilieleza kama tunavyoeleza hapa. M-Pesa ilianza Machi 2007 kuwa njia ya kupelekeana fedha, na katika hilo hapana ubaya. Novemba 2012 ikazaliwa M-Shwari, mkopo wa simuni, na ada yake ilipoanza ilikuwa 7.5 kwa mia kwa siku 30. Zikipita siku hizo mtu hajalipa, deni huendelezwa na ada ikatozwa mara ya pili. Januari 2019 ikaja Fuliza, ambayo humkopesha mtu papo hapo anapolipia kitu fedha zisimtoshe, kisha hutoza kwa siku maadamu deni halijalipwa. Jina lililowekwa ni ada. Lakini sharia haihukumu majina. Ujira wa kuandika mkopo hauongezeki kwa sababu fedha ni nyingi, wala haurudi tena kwa sababu mwezi umepita. Kinachoongezeka kwa wingi wa fedha na kwa kupita kwa siku ndicho kile kile kilichoharamishwa katika al-Baqara, aya ya 275. Na nguo ya Idi, nikasema, si dharura ihalalishayo haramu. Haya niliyoyasema sikuyarudi hata leo.

Darsa ilipokwisha, mama mmoja mjane alibakia upande wa wanawake na mwanawe mdogo, akataka kuniuliza. Alisalimu kwa adabu, akasema, "Ustadhi, mimi ni mmoja wa hao uliowasema."

Kisa chake kilikuwa hiki. Huuza omena. Hununua ufukweni alfajiri, huanika, akauza sokoni. Ana watoto watatu. Mwaka uliotangulia alikopa kwa simu shilingi 3,000, akawanunulia watoto nguo na viatu vya Idi. Kwa hesabu ile ya 7.5 kwa mia ada ni shilingi 225 kwa mwezi, na mwezi wa kwanza hakuweza kulipa, wala wa pili. Mwisho alilipa kwa fedha za mtaji wake, akakaa wiki nyingi hana cha kununulia samaki. Na ajuaye mambo ya mafukweni ajua ni bei gani nyingine hutakwa mwanamke aliyekwenda kununua samaki mikono mitupu. Yeye aliikataa bei hiyo, akaosha nguo za watu mpaka alipojiinua tena.

Nilimwambia, "Mama, si lazima mtoto avae kipya. Angevaa alichonacho, kimefuliwa, ingetosha."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ustadhi, mtaani kwetu nyumba ya Kiislamu ni yangu peke yake. Krismasi, watoto wote huvaa, na wangu hukaa mlangoni wakawatazama. Siku ya Idi ndiyo siku moja katika mwaka ambayo watoto wa jirani huwatazama wangu wakatamani dini yao. Nikiwatoa na viraka, nitakuwa nimewafunza nini?"

Sikuwa na jibu lililo tayari. Nikarudi kwenye hukumu, kama tufanyavyo sisi tunapokosa jibu, nikamwambia kwamba hata hivyo ile ni riba.

Akasema, "Najua, Ustadhi. Hilo nimelisikia kila Ramadhani. Ninalouliza ni jingine. Ninyi mjuao kwamba ni riba ni wengi, na wengine mna uwezo. Mbona sijapata hata mmoja wenu wa kunikopesha elfu tatu bila ya riba?"

Hili ndilo suala nililokuja nalo Mombasa. Nimelizungusha kichwani usiku mwingi nikitafuta pa kulitokea, na kila mlango niliousukuma nimeukuta umefungwa.

Nilisema moyoni kwamba fitri ipo kwa ajili ya watu kama yeye. Ni kweli, na alipewa: pishi zake za mchele zilimfika usiku wa kuamkia Idi, kabla ya sala kama inavyotakiwa. Lakini fitri ni chakula. Imemtosheleza siku ile asiombe, na hiyo ndiyo kazi yake. Haikukusudiwa kumkinga na simu yake mwenyewe wiki mbili kabla. Nikasema kwamba siku hizi yako mabenki ya Kiislamu, tangu 2008, nayo pia yana huduma zake za simu. Hayo nayajua. Lakini benki ni mfanyabiashara, na haikosi kuwa mfanyabiashara kwa kuitwa ya Kiislamu, na mama huyu hakuuliza juu ya wafanyabiashara. Aliuliza juu ya ndugu zake. Kurani inautaja mkopo mwema ambao mtu humkopesha Mola wake, na inaamrisha mwenye dhiki angojewe mpaka apate. Tumezisoma aya hizo mara ngapi katika darsa, na ni mara ngapi mtu alitoka darsani amekopeshwa?

Iko aya nyingine iliyonitia haya zaidi, nayo ni ya 273 katika sura hiyo hiyo ya al-Baqara. Yawataja mafakiri ambao asiyewajua huwadhani kuwa ni matajiri, kwa sababu ya kujizuia kwao na kuomba. Zamani nikiisoma nilikuwa nikimwazia mzee mwenye kanzu safi ameketi pembeni ya msikiti. Sasa namwona mama ndani ya duka la nguo, siku ya mwezi ishirini na saba, akimjaribisha mwanawe viatu. Sisi tukipita nje hudhani ana fedha za kuchezea. Twasema, tazameni israfu. Hatuoni kwamba lile vazi analolinunua ni sitara, kwamba analitaka litufiche sisi umaskini wake. Na katika duka hilo hilo yuko pia yule mwenye kanzu saba anayetafuta ya nane. Macho hayawezi kuwapambanua hawa wawili, na khutba yetu huwapiga wote kwa fimbo moja. Mwenye kanzu saba haimuumi, kwa kuwa hulipa kwa fedha yake na hajioni ametajwa. Imuumayo ni yule mjane.

Marehemu Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, alipotoa gazeti lake la Al-Islah hapa Mombasa katika 1932, aliwaonya Waislamu juu ya mambo mengi, na israfu na kuwaiga wageni pasi na kufikiri yalikuwa miongoni mwake. Lakini hakukaa akionya tu. Aliandika, alisomesha, na watoto wa mji huu walipata madrasa kwa juhudi yake. Sisi tunaojihesabu kuwa katika njia yake tumeirithi lawama, kwa kuwa ni nyepesi kuibeba.

Nawaambia haya bila ya kuihalalisha riba hata kwa unyoya mmoja. Yule mama ana sehemu yake ya kosa na aijua. Alisema kwa kinywa chake kwamba mwaka huu hakukopa, na watoto wake walivaa nguo za mwaka jana zilizoteremshwa upindo. Aliyavumilia macho ya jirani. Lakini mtu akianguka katika shimo lililo njiani, na wako watu waliolijua shimo, wakalisimulia kila mwaka kwa dalili na hoja, wasilifukie, sijui kadhi gani atawaacha watu hao waondoke bila ya kuulizwa.

Nilipolileta suala hili katika darsa, tulifungua daftari letu la mwaka. Tuliyotumia kwa futari ya wageni wa heshima, kwa mabango na kwa kukodi vipaza sauti, yangetosha kuwakopesha wajane wengi elfu tatu tatu. Hapo maneno yakawa mengi. Mzee mmoja tunayemheshimu alisema kwamba mkopo pasi na dhamana ni fedha iliyopotea. Mwingine akasema Homa Bay si kwetu, na maskini wa Mombasa hawajesha. Kijana mmoja akauliza iwapo mtu asiyelipa tutamfanya nini, na hilo ndilo lililotuchukua muda mrefu kuliko yote, kwani tuligundua kwamba hatukuwa na lolote la kumfanya ila kumngojea, kama tulivyoamrishwa. Wawili waliondoka kabla hatujamaliza.

Tumeweka sanduku. Liko juu ya kabati la vitabu, lina kufuli mbili, na funguo zake ziko kwa watu wawili wasiokuwa wa nyumba moja. Fedha zilizomo ni zile za mabango, na kidogo zilizotolewa na wanachama. Hutolewa kuanzia Shaaban, kabla masoko hayajapamba moto, na mkopaji haulizwi anataka kununua nini. Hata naandika haya wamekopa watu watatu, wote wa hapa mjini, na mmoja amekwisha rudisha. Homa Bay bado hatujapeleka kitu.